Fahamu: Kwa nini kuacha tumbaku hakuhitaji aibu

Kenyatta Market, Nairobi, husifika kwa nyama choma na wasusi. Je, msusi au mchoma nyama anayetaka kuacha tumbaku afahamu nini?

Nani hutumia?
Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta asilimia 11.6 ya watu wazima Kenya wanatumia tumbaku: wanaume 19.1, wanawake 4.5. Mwanamke mvutaji hunyooshewa kidole, na aibu humzuia kuomba msaada.

Sheria inasemaje?
Sheria ya 2007 inakataza kuvuta mikahawani na kuuza sigara mojamoja.

Mbona kuacha ni kugumu?
Nikotini, hata ya ugoro, huuzoesha ubongo. Siku za mwanzo ndizo kali. Ushauri wa mhudumu wa afya husaidia. Mwaka mmoja bila sigara hupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa takriban nusu.