Sura ya Saba: Kudunda Ni Kazi Ndogo

Kila nikizungumzia tiba ya moyo mbele ya watu, swali huwa lile lile: kama mioyo imekwisha kuchapishwa kwa mashine, mbona wagonjwa bado wanasubiri mioyo ya marehemu? Kwa sababu hakuna moyo mzima uliotengenezwa maabara kwa seli za binadamu na kuwekwa kifuani mwa mgonjwa. Hakuna hata mmoja. Ule uliovuma mwaka 2019, kazi ya Tal Dvir na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, ulikuwa na ukubwa wa moyo wa sungura. Seli zake zilinywea na kutanuka, ila hazikuweza kushirikiana kusukuma damu. Watafiti walilisema hilo waziwazi. Vichwa vya habari vikalimeza.

Sura hii nimekusudia kuigawa katika mambo manne: seli, kiunzi, mishipa ya damu na umeme wa moyo. Seli hazitatuchelewesha. Shinya Yamanaka alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na mwaka 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya ngozi inaweza kurudishwa katika hali ya seli shina. Leo maabara nyingi huzigeuza seli hizo kuwa misuli ya moyo, nazo hudunda kwenye kisahani. Watu wakiona video yake hudhani kazi imekwisha.

Kiunzi, yaani umbo linalozishikilia seli, ndicho kinachonikalisha. Mwaka 2008 Doris Taylor na Harald Ott, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, walichukua moyo wa panya aliyekufa wakapitisha sabuni kali ndani ya mishipa yake mpaka seli zikaondoka. Ulibaki moyo mweupe, unaopenyeza mwanga, wenye vyumba, vali na njia zote za damu, lakini bila uhai. Wakaudunga seli za moyo za vichanga vya panya, wakaulisha virutubisho kupitia njia zile zile, wakauchochea kwa umeme. Siku ya nane ulikuwa unasukuma, kwa takriban asilimia 2 ya nguvu za moyo wa panya aliyekomaa.

Hiyo asilimia 2 ndiyo somo. Misuli ya moyo imepangwa kwa mshazari, tabaka juu ya tabaka, hata moyo hujisokota kama nguo inayokamuliwa. Seli zilizodungwa ovyo kila moja huvuta upande wake. Tena seli ya moyo ina pupa ya oksijeni: ikikaa mbali na mshipa mdogo kwa zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za milimita, inakufa. Ukuta wa chumba cha kushoto cha moyo wa mtu mzima una unene wa karibu sentimita moja, na moyo wote una mabilioni ya seli za misuli. Mishipa yote ya kuzilisha lazima itandikwe seli zake kwa ndani, la sivyo damu ikigusa kolajeni tupu ya kiunzi huganda.

Sasa pima hayo na vipakiti vya unga wa “seli shina” za tufaha vinavyouzwa mitaani kwetu kwa ahadi ya kuujenga moyo upya. Seli ya mmea ukiimeza inameng’enywa tumboni pamoja na ugali. Huo ni wizi, na unaua: mgonjwa huacha dawa zake, kisha anarudi wodini miguu imevimba, hawezi kulala chali.

Umeme nitausema kwa ufupi: seli changa zinazojidundia kwa mwendo wake zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo wote.

Kilichowafikia wagonjwa ni kiraka. Kundi la Wolfram-Hubertus Zimmermann wa Göttingen, Ujerumani, lilichapisha mwaka 2025 habari za mwanamke aliyeshonewa viraka vya misuli iliyokuzwa maabara juu ya moyo wake uliochoka. Seli zilitoka kwa mtu mwingine, hivyo alitumia dawa za kuzuia kinga ya mwili isizishambulie. Miezi mitatu baadaye alipandikizwa moyo wa mfadhili. Wa zamani ulipokatwa na kuchunguzwa, kiraka kilikuwa hai, na mishipa ya damu ilikuwa imeingia ndani yake.