Nabii Akikaa Siku Tatu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wakristo wa mwanzo walikuwa na sheria iliyo jirani kabisa na methali hii, nao waliitumia kuwapima watumishi wa Mungu. Imo katika Didake, kijitabu cha Kigiriki kinachokadiriwa kuandikwa mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Kilipotea kwa mamia ya miaka, hadi msomi Philotheos Bryennios alipokikuta mwaka 1873 katika maktaba moja mjini Konstantinopoli. Siku zile wahubiri walitembea mji hadi mji, na kila aliyebisha hodi alidai ametumwa na Bwana. Kijitabu kinaagiza mtume apokewe kwa heshima, akae siku moja, ikibidi mbili. Akikaa siku ya tatu, ni nabii wa uongo. Anapoondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala tena. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Akidai Roho ameamuru meza iandaliwe, kisha akaketi akala yeye, naye ni wa uongo. Ila akiomba kwa ajili ya wahitaji wengine, mtu asimhukumu. Na mpita njia anayetaka kuhamia pale afanye kazi ndipo ale.

Hakuna kipimo hapo kinachomtaka mtu awe amesoma chuo cha theolojia. Hata kile cha mafundisho ni chepesi kukishika: anayefundisha kinyume cha yale mliyokwisha kuyapokea, msimsikilize. Mjane aliyempa mhubiri kitanda aliweza kupima, na seremala aliyemkaribisha chakula aliweza pia. Ulinzi wa kanisa ulikuwa mikononi mwa watu wa kawaida, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake.

Lakini nabii mwenye njaa hujulikana mapema. Kazi ipo kwa yule anayekuja na mkono wa kutoa.

Marcion alikuwa mwenye meli kutoka Sinope, pwani ya Bahari Nyeusi. Alifika Roma karibu na mwaka 140, akalipa kanisa la pale zawadi ya sesterti 200,000. Hiyo ni nusu ya mali ambayo Mrumi alipaswa kuwa nayo ili ahesabiwe katika daraja la pili kwa hadhi baada ya maseneta. Baada ya muda mafundisho yake yakawa dhahiri. Alisema Mungu wa Agano la Kale si yule aliye Baba wa Yesu, bali ni mwingine, wa chini, mkali. Kwa hiyo aliyatupa Maandiko yote ya Kiyahudi, akabaki na Injili ya Luka aliyoipunguza mwenyewe na nyaraka kumi za Paulo, nazo zikiwa zimekatwa hapa na pale. Mwaka 144 kanisa la Roma lilimtenga. Likamrudishia fedha zake zote.

Kurudishwa kwa fedha ndiko kunakostahili kukumbukwa katika kila baraza la wazee. Waliokula pamoja na mfadhili, wakajenga kwa mchango wake na kulisha yatima wao, huona taabu kumwambia kwamba anapotosha. Wazee wa Roma waliikata kamba hiyo. Hata hivyo Marcion hakuishia hapo: alianzisha makanisa yake, nayo yakadumu kwa karne kadhaa, hasa upande wa Siria. Kumfukuza mtu hakujibu hoja yake. Ikabidi kanisa liseme kwa sauti ni vitabu gani linavisoma na kwa nini, na Agano la Kale likabaki mahali pake.

Aliyeshughulika zaidi na kujibu hoja ni Ireneo. Alizaliwa Asia Ndogo, na utotoni huko Smirna alimsikiliza Polikarpo, ambaye kwa ushuhuda wake alikuwa amefundishwa na watu waliomwona Bwana. Baada ya mateso ya mwaka 177 mjini Lyon, yaliyomuua askofu mzee Pothinus, Ireneo alishika nafasi yake. Karibu na mwaka 180 aliandika vitabu vitano dhidi ya Wagnostiki. Hao walidai Yesu aliwanong'oneza wachache elimu ya siri, na kwamba kanisa zima lilipewa makombo tu.

Jibu lake ni rahisi, nalo lina uzito mpaka leo. Kama mitume wangekuwa na siri, alisema, wangewakabidhi kwanza wale waliowaachia makanisa. Basi nendeni Roma, nendeni Smirna, nendeni Efeso, mkasikilize kinachofundishwa mbele ya watu wote, mkalinganishe. Wala hakuwapiga wapinzani wake kwa kusikia tu. Anaeleza kwamba alisoma maandishi yao na kuzungumza na baadhi yao. Mwaka 1945 wakulima wa Misri walichimbua karibu na Nag Hammadi mtungi wenye vitabu vya zamani, vingi vikiwa vya Kignostiki. Wataalamu sasa wanaweza kumpima Ireneo mwenyewe. Wanamkuta na ukali mwingi na pengine upendeleo, lakini mengi aliyoyasimulia yamo humo.

Uwazi anaoudai Ireneo hauletwi na kipaza sauti. Mhubiri wa Malindi, Kenya, anayeshtakiwa kwa vifo vya msitu wa Shakahola, na ambaye amekana mashtaka, mahubiri yake yalirushwa kwenye televisheni na mtandaoni. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza. Wafuasi walihamia msituni, mbali na ndugu, shule na hospitali, na kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, miongoni mwake ya watoto wengi. Waendesha mashtaka wanasema wafuasi hao waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Serikali za Afrika Mashariki zimejaribu njia zao. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 inawataka wahubiri wenye majukumu ya usimamizi wawe na shahada ya chuo na mafunzo ya dini yanayotambuliwa. Sheria kama hiyo humzuia tapeli asiyesoma, lakini Marcion angeipita bila shida, na mjane wa Didake hapati neno ndani yake. Kenya iliunda tume na kikosi kazi. Maseneta walipochunguza Shakahola walibaini kwamba polisi na mahakama walikuwa wamepuuza dalili za mapema. Waliopiga kelele kwanza walikuwa jamaa wa wafuasi, wakazi wa jirani na watetezi wa haki za binadamu, wakiulizia watu ambao hawakuwa wakionekana tena.