Magari ya Kale Yarudipo Taita

Mtu aliyesimama kando ya njia ya udongo karibu na Mwatate, siku magari hayo yapitapo, huyasikia kabla hajayaona. Mngurumo huanzia upande wa mashamba ya mkonge, kisha vumbi jekundu hupanda juu ya minyaa, na punde si punde watoto wanapiga kelele: "Hilo laja!" Likija ni Datsun, au Ford Escort, au Porsche ya zamani, gari lililowazidi umri baba zao, limegeuka rangi ya udongo wa Tsavo kama ndovu wa huko. Dakika moja tu, limekwisha pita. Kuku hurudi njiani.

Haya ndiyo mashindano ya Safari ya magari ya kale, yajulikanayo kama East African Safari Classic. Yalianzishwa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 50 tangu Safari ya kwanza ya 1953, ile iliyofanywa kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza. Kwa kawaida huwa kila baada ya miaka miwili, na gari lililotengenezwa baada ya 1985 halipokewi. Wengi wa washiriki ni watu wa Ulaya waletao magari yao kwa meli. Mara nyingi njia yao imepita Voi na vilima vya Taita, na katika baadhi ya miaka ikavuka mpaka kuingia Tanzania.

Sisi watu wa Mombasa tunajua taabu ya kuingiza gari. Kanuni za Kenya zinakataa gari lililotumika likishapita umri wa miaka minane. Ndugu yako wa Dubai akikuletea la miaka kumi, halisajiliwi. Basi haya ya miaka hamsini yanapitaje forodhani? Yanapita kama wageni. Mwenye gari huchukua kitabu maalumu kwa chama cha wenye magari, naye huweka dhamana ya fedha. Karatasi hupigwa muhuri gari likiingia nchini, na nyingine likitoka. Lisipotoka, ushuru wote hudaiwa. Kwa hiyo hata gari likipinduka na kuvunjikavunjika, mwenyewe hana budi kuyakusanya mabaki yake, kwani forodha itamwuliza.

Wageni, lakini majina yao si mageni kabisa. Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka 1963, ikashinda tena mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Mwaka huo wa 1963, na tena 1968, matope yalikuwa makali hata magari saba tu yakafika mwisho. Katikati hapo, mwaka 1965, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda pamoja na nduguye kwa Volvo iliyokwisha tumika, waliyoinunua kuukuu. Mpaka 1972 hakuna mgeni wa ng'ambo aliyepata kushinda. Watu waliona kwa macho yao gari gani linastahimili mashimo yetu, wakanunua hilo hilo. Ndiyo sababu Peugeot ikawa gari la abiria, la kupeleka wagonjwa, maharusi na magunia ya mahindi.

Kisha Safari ikapotea. Baada ya 2002 iliondolewa katika mashindano ya dunia, na iliporejeshwa mwaka 2021 ilitiwa Naivasha. Pwani haikuiona, wala Taita. Mimi sioni haya kusema kwamba jambo hilo liliniuma. Safari iliyokuwa ikiteremka mpaka baharini sasa inazunguka ziwa. Yaliyobaki kutupitia ni haya magari ya kale.

Nao waendeshaji wengine ni wazee hasa. Björn Waldegård wa Sweden alishinda Safari mwaka 1977, na mwaka 2011 akashinda hii ya magari ya kale akiwa na miaka 68, mwanawe ameketi ubavuni akimsomea njia. Miaka mitatu baadaye akafariki.

Habari iliyonipeleka Voi, lakini, haikuwa ya mshindi yeyote. Niliambiwa kuna fundi mmoja mstaafu aliyewahi kumsaidia mgeni. Nilimkuta barazani kwake baada ya sala ya alasiri. Uani, chini ya mwarobaini, ilikuwapo Peugeot 504 isiyo na magurudumu.

"Walinijia usiku, mwanangu," alianza. "Jiwe limetoboa rejeta ya gari lao. Nao 504 yao ni ndugu wa hii yangu. Mmoja akatoa pesa, nyingi. Nikamwambia hapana."

"Kwa nini, mzee wangu? Rejeta haifanyi kazi hapa."

"Haifanyi kazi, lakini ni yangu. Gari hili nimewasomeshea watoto. Nikianza kuuza rejeta, kesho atakuja mtu anataka mlango. Lakini msafiri ana haki yake. Nikamwambia, nakuazima. Ni amana. Ukirudi, nirudishie."

Walifanya kazi pamoja mpaka karibu na alfajiri, yeye na mafundi watatu ambao hakuelewa lugha yao. Anasema hawakuhitaji lugha. Spana namba kumi na tatu ni namba kumi na tatu kwa kila mtu. Asubuhi gari likaondoka kuelekea Maktau na Taveta, njia ambayo mwaka 1916 ilipitwa na magari ya deraya ya Rolls-Royce, Waingereza wakienda kupigana na Wajerumani huko Salaita. Likavuka Holili. Jirani zake wakamcheka. Wengine walimwambia waziwazi kwamba Mzungu akishavuka mpaka, amana yake humwona nani?

Siku ya tatu alijuta kidogo. Siku ya tano alikwenda kusimama barabara kuu, akaona malori tu. Mkewe alimwambia aache kujitesa kwa ajili ya kipande cha shaba.

Siku ya saba, magari yakirudi kuelekea Mombasa, moja liliacha wenzake na kukata kona kuingia mtaani. Yule mgeni alishuka, akafungua boneti na kuanza kufungua rejeta mwenyewe. Mafundi wake walikuwa wamempatia nyingine Arusha siku mbili nyuma, wakaifunga hiyo ya mzee ndani ya blanketi. Ila mgeni akasisitiza kuirudisha mahali ilipotoka kwa mkono wake mwenyewe.

"Kumbe alikuwa anafungua ile mpya?" nikauliza.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Alichanganyikiwa kwa usingizi, maskini. Tukamzuia."

Rejeta ya blanketi imo tena ndani ya 504. Nilipoinama kuitazama, kuku mmoja alitoka chini yake kwa hasira, akaniachia yai.