Julie Makani na Siri ya Selimundu

Selimundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi, na katika nyumba za Mji Mkongwe na mashamba ya Unguja si mgeni. Chembe nyekundu hupinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Malaria ndiyo iliyoueneza: mwenye jeni moja ya selimundu hukingwa kiasi dhidi ya malaria kali, lakini anayerithi mbili huugua selimundu.

Profesa Julie Makani, aliyezaliwa Arusha mwaka 1970, alihitimu udaktari Muhimbili mwaka 1994, kisha akasoma Uingereza. Mwaka 2004 alianzisha Muhimbili mpango wa kuwafuatilia wagonjwa, ukaandikisha maelfu. Kazi hiyo ya subira inastahili heshima kubwa. Royal Society ya Uingereza ilimtunuku mwaka 2011.

Kuwafuatilia wagonjwa huzua swali: kwa nini, kati ya wawili wenye ugonjwa uleule, mmoja hulazwa kila mara na mwenziwe husoma bila tabu? Sehemu ya jibu ni aina ya hemoglobini aliyo nayo mtoto akiwa tumboni, ambayo huzuia chembe kupinda. Jeni iitwayo BCL11A huizima baada ya kuzaliwa, lakini si kwa kiwango kimoja kwa watu wote.

Haidroksiyurea, dawa iliyotumika kwanza kwa saratani ya damu, huiongeza tena hemoglobini hiyo. Dozi hupangwa kwa uzito na vipimo vya kila mgonjwa. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni inayolenga BCL11A. Bei yake Marekani yapita dola milioni 2. Kwa mtoto wa Makunduchi, cha kupigania leo ni kupimwa mapema, penisilini ya kukinga maambukizi na haidroksiyurea isiyokatika.