Kisomo cha Ngumbaru Katika Enzi ya Simu na Tarakilishi Nchini Kenya

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba elimu ni bahari na kwamba haina mwisho. Semi hizi husikika sana shuleni na vyuoni, lakini mahali zinapodhihirika zaidi ni katika darasa la kisomo cha watu wazima, ambalo Wakenya wengi huliita ngumbaru. Humo huketi mkulima, mchuuzi wa mboga, bawabu na ajuza mwenye wajukuu, kila mmoja akiwa na sababu yake ya kushika kalamu ukubwani. Kwa miaka mingi vifaa vya darasa hilo vilikuwa ubao, chaki na kijitabu cha kwanza cha kusomea. Leo wengi wa wanaoingia humo wana kifaa kingine mfukoni, au kilichofungwa katika pindo la leso. Kifaa hicho ni simu.

Makala haya yanaeleza jinsi simu, tarakilishi na vifaa vingine vya kidijitali vinavyoweza kuingizwa katika elimu ya watu wazima vijijini na mitaani. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba kifaa hakifundishi chenyewe. Hufundisha pale tu kinapounganishwa na mambo manne: hitaji halisi la mwanafunzi, kikundi cha wenzake, mwalimu aliyeandaliwa, na lugha inayoeleweka. Jambo hili la mwisho linawahusu moja kwa moja wasomi wa Kiswahili.

Usuli wa kisomo cha watu wazima

Bodi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru. Hatua kubwa zaidi ilifuata mwaka 1979, wakati serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipoanzisha kampeni ya kitaifa ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika katika muda wa miaka mitano. Mwaka huo wa kwanza watu zaidi ya laki nne walijiandikisha. Hamasa hiyo haikudumu. Idadi ya wanafunzi ilishuka katika miaka iliyofuata, na lengo la miaka mitano halikufikiwa.

Kiu ya elimu, hata hivyo, haikuzimika. Baada ya elimu ya msingi bila malipo kuanzishwa mwaka 2003, mzee Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret mnamo Januari 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Miongoni mwa sababu alizozitoa ni kwamba alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuzungumzia elimu, na alisoma hadi karibu na kifo chake mwaka 2009. Kisa chake kiliupa ulimwengu sura ya mwanafunzi mkongwe, ingawa maelfu ya wengine walikuwa wakisoma kimyakimya katika makanisa, misikiti na chini ya miti.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2006 ulitoa picha ya hali ilivyokuwa. Ulibaini kwamba asilimia 61.5 ya watu wazima walijua kusoma na kuandika kwa kiwango cha chini kabisa, huku asilimia 38.5, yaani watu takriban milioni 7.8, wakiwa hawajui. Tofauti za kimaeneo zilitisha: Nairobi ilikuwa na asilimia 87.1 ya wanaojua, ilhali Kaskazini Mashariki ilikuwa na asilimia 8.0 tu. Isitoshe, waliofikia kiwango cha kuyamudu maandishi sawasawa hawakuzidi theluthi moja ya watu wazima wote. Kwa maneno mengine, wengi waliohesabiwa kuwa wasomaji waliweza kuandika majina yao, lakini barua ya kurasa mbili ingewashinda.

Funzo la redio

Kabla ya simu na tarakilishi kulikuwa na redio, na historia yake katika Afrika Mashariki ina funzo kubwa. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima nchini Tanzania. Mwaka 1973 nchi hiyo iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, iliyoshughulikia magonjwa kama malaria, kuhara na kichocho. Watu takriban milioni mbili walishiriki.

Siri ya ufanisi huo haikuwa redio peke yake. Wasikilizaji walipangwa katika vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kila kipindi kilikuwa na kijitabu chake. Baada ya kusikiliza, wanakikundi walisoma, wakajadili, kisha wakaamua la kutenda: kuchimba choo, kufyeka nyasi au kufukia madimbwi. Redio ilileta sauti. Kikundi kilileta fikra na vitendo. Yeyote anayetaka kuleta tarakilishi kijijini leo hana budi kujiuliza kikundi kiko wapi, kiongozi ni nani, na baada ya somo watu watafanya nini. Pasipo majibu, tarakilishi hizo zitafunikwa vitambaa na kufungiwa kabatini.

Simu kama kitabu cha kwanza

Machi 2007 huduma ya M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya. Ilikusudiwa kuwa njia ya kutuma pesa, lakini pasipo kukusudiwa ikawa pia mtihani wa kusoma. Kila muamala huleta ujumbe wenye nambari ya kumbukumbu, kiasi cha pesa, jina la mtumaji au mpokeaji, tarehe, saa na salio. Mtu asiyejua kusoma hulazimika kumpa mwingine simu yake ili amsomee, na mara nyingi humpa pia nambari ya siri ili amtolee pesa. Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Ajuza anayemtajia mjukuu nambari yake ya siri amemkabidhi mkoba wake wote, na ikiwa pesa zitapungua, hana namna ya kujua zimepungua lini wala zimekwenda kwa nani.

Haja hii imeongezeka kadiri miaka inavyosonga. Mfumo wa eCitizen ulianzishwa mwaka 2014, na kufikia mwaka 2023 maelfu ya huduma za serikali yalikuwa yamehamishiwa humo. Mikopo ya Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa Novemba 2022, huombwa kupitia simu. Kwa hivyo, asiyejua kusoma leo ananyimwa zaidi ya utamu wa vitabu. Anakosa njia ya kuyafikia mambo yaliyo haki yake bila kumtegemea mpatanishi.

Mwalimu wa ngumbaru anaweza kulitumia hitaji hili kama mlango. Ujumbe mmoja wa pesa unatosha kwa masomo kadhaa. Somo la kwanza laweza kuwa la kutambua tarakimu na alama ya mkato inayotenga maelfu. La pili ni kulitambua jina la mtu kati ya maneno mengine. La tatu ni kujumlisha na kutoa: salio la jana, kiasi kilichotumwa, ada iliyokatwa, salio la leo. La nne ni usalama. Matapeli hutuma ujumbe unaofanana na ule wa kweli, wakidai pesa zimetumwa kimakosa na kuomba zirudishwe. Mwanafunzi hufunzwa kutazama ujumbe umetoka kwa nani, kulinganisha salio linalotajwa na lake halisi, na kutorudisha chochote kabla ya kuhakikisha. Katika somo hili kusoma kunakuwa kinga ya mali.

Mfano mwingine ni huduma ya iCow, iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 2011 na Su Kahumbu. Huduma hiyo humtumia mfugaji mawaidha kwa ujumbe mfupi kulingana na hali ya ng'ombe wake. Mfugaji hasomi ili afaulu mtihani bali husoma kwa sababu ng'ombe wake ana mimba. Hii ndiyo maana ya kisomo chenye manufaa: maandishi yanayofuata kazi ya mtu badala ya kumtaka mtu aiache kazi yake.

Suala la lugha na istilahi

Kisomo cha awali nchini Kenya hutolewa katika lugha nyingi za jamii, kisha mwanafunzi huvushwa hadi Kiswahili. Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi, ndicho daraja. Je, daraja hilo limejengwa imara katika uwanja wa teknolojia?

Juhudi zimekuwapo. Mwaka 2004 wataalamu waliohusishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi katika Kiswahili. Kampuni kubwa za programu na za simu nazo zimetoa menyu za Kiswahili. Tatizo lililosalia ni wingi wa istilahi usio na mapatano. Kifaa kimoja huitwa tarakilishi, kompyuta na hata ngamizi. Kingine ni simu ya mkononi, simu tamba au rununu. Ujumbe mfupi ni arafa kwa baadhi na meseji kwa wengine. Mwanachuo hujadili tofauti hizi kwa raha, lakini mtu mzima aliyezoea neno moja mtaani na kukuta jingine kitabuni hudhani anafunzwa kitu kipya.

Zipo istilahi zinazojifunza zenyewe, kwa kuwa zina mizizi katika maisha. Neno "pakua" linajulikana jikoni, ambako chakula huteremshwa kutoka chunguni hadi sahanini, na bandarini, ambako shehena hushushwa. Mama anayeambiwa apakue picha kutoka mtandaoni hahitaji maelezo marefu. Ndivyo yalivyo pia maneno "pakia", "futa", "tuma" na "hifadhi". Neno "tarakilishi", kwa upande mwingine, hubeba tarakimu na akili ndani yake, lakini uhusiano huo hauonekani mpaka uelezwe. Njia inayofaa ni mwalimu kuanza na neno ambalo mwanafunzi analo tayari, kisha kulileta la kitabuni na kuonyesha kwamba ni watoto wa nyumba moja.

Vikwazo

Vikwazo havikosi. Umeme haujafika kila mahali, na pale ulipofika hukatika. Bei ya data humlemea mtu anayeishi kwa kibarua. Herufi za simu ni ndogo kwa macho ya uzeeni, na kioo cha kugusa mara nyingine hakitii kidole kilichokomazwa na jembe. Baadhi ya wanawake hutumia simu za waume zao, hivyo hawana faragha ya kujifunza. Kuna pia haya: mtu mzima huona vibaya kukosea mbele ya mwalimu aliye na umri wa mwanawe. Shule zilipofungwa Machi 2020 kutokana na Uviko-19 na masomo kuelekezwa kwenye redio, runinga na mtandao, ilibainika wazi kwamba mtandao hauwafikii wote na kwamba redio ya kale bado ina kazi.

Lipo pia pingamizi la kinadharia. Wapo wanaouliza: ikiwa simu za kisasa hupokea na kutuma sauti, kwa nini mzee ahangaike na irabu na konsonanti? Swali hili lina mantiki, na sauti kweli ni ngazi nzuri ya kuanzia. Hata hivyo, anayesikia tu hawezi kuupitia mkataba wa ardhi kabla ya kutia kidole gumba, wala kuhakikisha kwamba alichosomewa ndicho kilichoandikwa. Mwelimishaji Mbrazili Paulo Freire alisisitiza kwamba kusoma neno huenda pamoja na kuusoma ulimwengu. Sauti yaweza kumpa mtu habari. Maandishi humpa uwezo wa kuzihoji.

Namna ya kuendelea

Kutokana na yaliyoelezwa, mambo kadhaa yanapendekezwa. Kwanza, kianze kifaa ambacho watu wanacho, hata kama ni simu ndogo ya vibonyezo, kabla ya kununuliwa tarakilishi. Pili, masomo yahifadhiwe katika kadi za kumbukumbu ili yasomwe pasipo mtandao. Tatu, simu itumike ndani ya kikundi, kama redio ilivyotumika. Nne, mwalimu afunzwe kwanza, kwani asiyejua njia hawezi kuongoza msafara. Tano, nambari ya siri iwe somo la mapema: kila mwanafunzi aiingize mwenyewe, hata kama atachukua wiki nzima kuizoea.

Hitimisho

Vifaa vya kidijitali si adui wa ubao na chaki, wala si muujiza. Vinaweza kumwongezea mtu mzima uhuru au kumfunga zaidi, kutegemea jinsi vinavyoingizwa. Wanafunzi wa Kiswahili wana sehemu yao katika kazi hii: kukusanya maneno ambayo watu wazima wenyewe huyatumia wanapotaja sehemu za simu, kuandika vijitabu vyepesi kwa herufi kubwa, na kuzipima istilahi mpya darasani mwa ngumbaru kabla ya kuzitia kamusini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyezaliwa na simu mkononi huona kusoma ujumbe mmoja kuwa jambo dogo. Kwa ajuza anayetaka kujua salio lake bila kumuuliza mtu, jambo hilo ni kubwa.