Mota ya hatua: jinsi ya kudhibiti mkondo ili betri isiishe na koili zisiungue

Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na baada ya kimbunga Kenneth kuipiga pwani ya Cabo Delgado mwezi Aprili 2019, wakazi wa kaskazini mwa jimbo hilo wamepitia vipindi virefu bila umeme wa gridi. Fundi anayetegemea paneli ya jua na betri hana budi kujua kila kifaa chake kinatumia umeme kiasi gani. Mota ya hatua ni mfano mzuri.

Mota hii hupatikana ndani ya printa kuukuu. Haizunguki mfululizo kama feni, bali husogea hatua kwa hatua. Nyingi zina hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Yafaa kwa kazi ya kipimo, kama kugeuza trei ya mayai katika mashine ya kutotoleshea vifaranga. Hata hivyo, hata ikisimama, koili zake huendelea kutumia umeme.

Tuchukue mota yenye koili mbili, kila moja ikiwa na ukinzani wa omu 4 na kikomo cha ampea 1. Ikiunganishwa moja kwa moja na betri ya volti 12, kila koili itapitisha ampea 3. Joto litakuwa mara tisa ya kiwango kilichokusudiwa, na mota itaungua.

Njia ya zamani ni kuweka rezista ya omu 8 mbele ya kila koili. Mkondo utashuka hadi ampea 1, lakini mfumo utatumia wati 24, na kati ya hizo wati 16 zitapotea kama joto katika rezista. Betri ya ampea-saa 7 itaisha kwa muda wa saa tatu na nusu.

Njia bora ni saketi inayokata mkondo. Rezista ndogo hupima mkondo wa koili. Ukifika kikomo, transista huukata, kisha huurudisha, maelfu ya mara kwa sekunde. Volti 12 huufanya mkondo upande upesi, na mkato huuzuia kuvuka mpaka. Matumizi hushuka hadi takriban wati 8, na betri ile ile hudumu karibu saa kumi.

Bodi ndogo yenye chipu ya A4988 hufanya kazi hiyo. Kikomo huwekwa kwa skrubu yake ndogo: volti ya rejea ni sawa na 8, mara ampea unazotaka, mara ukinzani wa rezista ya kupimia. Rezista iliyoandikwa R100 ni omu 0.1, kwa ampea 1, weka volti 0.8. Iliyoandikwa R050 ni omu 0.05, weka volti 0.4. Isome kwanza, kwani ukikosea hapo mkondo utazidi maradufu.

Bandika kipande cha alumini juu ya chipu ili kuipoza, na weka kapasita ya mikrofaradi 100 karibu na nyaya za betri. Usichomoe mota kamwe wakati umeme umewashwa, kwa maana chipu huharibika papo hapo. Na kwa kuwa mayai hayageuzwi kila dakika, zima koili baina ya zamu moja na nyingine: hapo ndipo betri itakapopumzika kweli.