Sefu za Zamani za Benki na PIN Yako: Mwizi Humtafuta Mwenye Ufunguo

Siku ya soko Timau, shosho ameuza magunia ya waru na pesa yote imeingia kwa simu. Zamani pesa hiyo ingelala chini ya godoro, ama angepanda gari hadi benki Nanyuki, mfuko kaubana kwapani. Benki ingeifungia kwenye sefu, lile kasha la chuma ambalo wanaume wanne hawaliinui. Leo tuangalie sefu hizo zilivyofanya kazi, kwa sababu zina somo kwa kila mwenye simu.

Uzito ulikuwa wa nini?

Sefu ya zamani si chuma kitupu. Nyingi zina kuta mbili, na katikati zimejazwa kitu cha kuzuia moto. Kampuni ya Milner ya Liverpool, Uingereza, ilitumia unga wa mbao na shabu, ile chumvi ya kusafishia maji. Shabu imebeba maji ndani yake. Moto ukiwaka, maji yanatoka kama mvuke, na karatasi zilizo ndani haziungui upesi. Tena kitu kisichobebeka hakiibiwi kirahisi.

National Bank of India ilifungua tawi Mombasa mwaka 1896. Benki zilipopanda bara, mizigo mizito ya namna hii ilisafiri kwa reli. Reli ya upande wetu wa mlima inaishia Nanyuki, kwa hiyo mzigo wa kuja Timau ulimalizia safari barabarani.

Wezi wakageukia kufuli

Chuma kikiwa kigumu, mwizi huangalia kufuli. Mwaka 1818 Jeremiah Chubb wa Portsmouth, Uingereza, alisajili kufuli ya ajabu: ukijaribu ufunguo bandia, inakwama, na mwenyewe akija anajua kuna mtu alijaribu. Si ndivyo akaunti yako inavyojifunga ukikosea PIN mara kadhaa?

Hata hivyo, mwaka 1851 fundi Mmarekani, Alfred Charles Hobbs, aliifungua kufuli ya Chubb jijini London kwa dakika 25 hivi. Watengenezaji wakarudi kazini, na kufuli zikazidi kuwa ngumu.

Kisha wakamwendea mtu

Hapo wezi wakabadilisha mbinu. Huko Marekani walikuwa wanamvamia mfanyakazi wa benki usiku nyumbani kwake na kumlazimisha aseme namba za sefu. Mwaka 1873 James Sargent akatengeneza kufuli ya saa: hata meneja mwenyewe hawezi kufungua mpaka muda uliopangwa ufike. Benki nyingi pia hugawa funguo kwa watu wawili, ili mmoja peke yake asifungue.

Chuma kilikuwa kigumu tayari. Sehemu dhaifu ilibaki binadamu mwenye ufunguo.

Sefu yako iko wapi leo?

Simu yako haina noti ndani. Pesa za wateja hukaa benki kwenye akaunti ya amana, na simu ni mlango tu. Ufunguo ni PIN. Ndiyo maana wakora hawahangaiki na chuma, wanakupigia. "Mimi ni wa kastoma kea, laini yako inafungwa, nitajie PIN haraka." Hiyo haraka ndiyo silaha yao.

Kwa hivyo:

- Hatutakuuliza PIN kamwe, si kwa simu, si kwa meseji. Anayeuliza ni mwizi. Kata simu.
- Ukiambiwa pesa imetumwa kwako kimakosa, usirudishe kwa kuharakishwa. Angalia salio kwanza, kisha utupigie tuishughulikie.
- PIN isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, wala isiandikwe nyuma ya simu.
- Kwa wakala, bonyeza PIN mwenyewe.

Hilo la mwisho tunalisema kwa heshima. Tunajua wazee wengi wanampa wakala au mjukuu simu pamoja na PIN kwa sababu macho hayaoni vizuri. Mjukuu akusomee meseji, hiyo ni sawa, lakini namba bonyeza wewe. Kama kuna mtu anaijua PIN yako, hata umpendaye, ibadilishe leo, kabla ya pesa ya waru kuingia.